Kutembea Nyuma ya Kakakuona

Kazi niliyopewa ilikuwa kutembea nyuma ya mnyama. Kila siku saa kumi jioni nilifungua sanduku la mbao, nikamwacha kakakuona atoke kwa hiari yake, kisha nikamfuata hatua kumi nyuma mpaka jua lilipozama. Masharti yalikuwa machache. Usiongee. Usijipake mafuta yenye harufu. Usimtangulie. Usimguse. Kakakuona hali chakula cha kuwekewa. Anakula sisimizi na mchwa aliowatafuta mwenyewe kwa pua yake, na asipotembezwa anaweza kufa njaa huku bakuli limejaa mbele yake.

Kituo kipo nje kidogo ya Bunda, upande wa barabara ya kwenda Kibara. Ni mahali pa kuwatunzia wanyama walioumia au waliofiwa na mama zao hadi waweze kurudi porini. Nilipokuwa pale walikuwepo swala aliyekatwa mguu na waya wa mtego, korongo wawili waliovunjika mabawa, kobe wengi, na nyani mmoja mzee aliyemchukia kila mtu mwenye kofia. Nilijitolea kwa miezi mitatu. Nyumbani kwangu ni Bweri, Musoma. Nilikuwa nimeacha kazi ya kuandaa na kusoma taarifa za habari redioni na sikuwa nimepata nyingine. Daktari wa kituo, mwanaume mtu mzima kutoka familia ya wavuvi wa Mugango, aliniuliza siku ya kwanza naweza kufanya nini. Nikamwambia naweza kuandika.

"Vizuri," akasema. "Hapa hakuna anayependa fomu."

Kwa hiyo nikapewa fomu zote, na nikapewa ukurasa wa kituo mtandaoni, ambao ulikuwa haujaguswa tangu mwaka uliopita. Kakakuona alikuja baadaye.

Alikuja asubuhi moja mwishoni mwa Septemba. Afisa wanyamapori alimpigia daktari simu kabla hatujanywa chai. Kuna mama upande wa Butiama ana kakakuona, alisema, lakini hataki gari liingie kijijini. Anamleta mwenyewe barabarani. Tukaondoka na sanduku nyuma ya gari. Tulipofika njia panda tuliyoelekezwa, hatukumwona mtu yeyote mwenye mzigo. Alikuwepo mama mmoja tu, wa miaka sitini na kitu, amebeba mtoto mgongoni kwa kitenge, na juu yake amefunika khanga kama mtu anayempeleka mjukuu kliniki. Daktari akamwamkia, akamuuliza kama amemwona mtu mwenye mnyama. Mama akageuka kutupa mgongo, akafunua khanga.

Nilirudi nyuma hatua mbili. Pale ambapo nilitegemea kuona kichwa cha mtoto palikuwa na bonge la magamba, yamepangana kama ganda la nanasi, na katikati yake jicho moja dogo jeusi linaniangalia.

Alikuwa amembeba hivyo kwa mwendo wa saa nzima. Njiani, alisema, watu watatu walimuuliza mtoto anaumwa nini, naye akawajibu homa.

Daktari alimpokea mnyama, nami nikatoa fomu. Mama alijibu kila swali bila kupoteza neno. Alimkuta jana yake jioni akichimba muhogo. Mnyama alikuwa amejikunja chini ya shina, mama akadhani ni jiwe mpaka jembe lilipogonga. Akamfunika kwa karai. Jirani yake mmoja aliona, akaenda kumwambia mzee.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo. Huku kwetu, kama sehemu nyingi za nchi hii, kakakuona haonekani ovyo. Akitokea kwa watu, mzee mwenye kazi hiyo huitwa, na mnyama huwekewa vitu chini: maji, nafaka, jembe, panga. Anachokiendea ndicho mwaka utakachowaletea. Akienda kwenye maji, mvua ipo; kwenye jembe, kulima kutalipa. Akienda kwenye panga, watu wajiandae kwa mabaya. Kijiji chao kilikuwa kinangoja mvua za vuli, na mzee alikuwa amesema mnyama apelekwe kwake asubuhi ile ile.

"Nikiwa binti niliwahi kumwona mmoja," mama alituambia. "Walimkalisha siku tatu, maana kila kitongoji kilitaka kimwone. Siku ya nne alikuwa amekufa. Magamba wakagawana. Huyu wa kwangu sitaki wamfanyie hivyo."

Daktari akamuuliza atawaambia nini.

"Nitasema kachimba chini ya karai kaondoka. Huwa wanaondokaga. Akiondoka mwenyewe siyo kosa la mtu." Akafunga kitenge kiunoni. "Na nyie hamjaniona."

Tulicheka wote watatu. Mimi nilidhani ni utani wa kuagana. Nikamuuliza kama naweza kumpiga picha, akasema piga. Akasimama wima kando ya sanduku, mkono juu ya mfuniko, akatabasamu.

Siku mbili baadaye, mnyama alipoanza kula, niliandika habari fupi kwenye ukurasa wa kituo. Ilikuwa habari safi kwa namna nilivyofundishwa: nani, wapi, lini, kwa nini. Nilitaja kijiji. Nilimsifu mama kwa ushujaa wa kumkabidhi mnyama adimu kwa wahifadhi badala ya kumwacha ateseke kwenye mila zilizopitwa na wakati. Niliweka na picha. Watu wengi waliipenda. Daktari mwenyewe alisema nimeandika vizuri.

Wiki tatu zilizofuata ndizo nilizotembea. Kakakuona hutembea kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameikunja kifuani kama mzee aliyeficha mikono kwenye koti kwa baridi, na mkia umenyooka nyuma kumpa mizani. Alikuwa akisimama, ananusa, anapasua ardhi kwa mapigo mawili ya haraka ya kucha, kisha ulimi unatoka mrefu kuliko nilivyoamini ulimi unaweza kuwa. Siku za kwanza alijikunja kila nilipokanyaga kijiti. Baadaye akanizoea, au akanisahau. Tulipita pamoja kwenye vichaka vya nyuma ya kituo bila mtu mwingine, na jioni nilimpima uzito na kuandika. Alikuwa anaongezeka.

Mvua haikuja. Bunda mawingu yalikusanyika mchana na kutawanyika jioni. Watu walilima wakaacha.

Daktari alitaka kujua zaidi kuhusu mahali alipokutwa, udongo wake na vichuguu vyake, ili aamue pa kumrudishia. Nilimpigia mama simu siku tatu mfululizo, haikupatikana. Jumamosi nikaamua kwenda mwenyewe. Niliteremka kwenye basi, nikachukua bodaboda mpaka dukani pale kijijini, nikamuuliza muuza duka nyumba ya mama fulani, mjane, mwenye shamba la muhogo chini ya kilima cha mawe.

Muuza duka alikuwa akipima sukari. Hakuinua macho.

"Yule aliyeuza mvua?"

Nikamwambia labda tunazungumzia watu tofauti. Akasema hapana, ni yeye, mjane mwenye muhogo chini ya mawe ni mmoja tu. Akanielekeza vizuri kabisa, geuka hapa, pita pale, kwa upole uleule wa kumwelekeza mtu kwenye zahanati. Niliposhukuru akaongeza kwamba kama nami nimekuja kununua kakakuona, nimechelewa.

Nilitembea kama nusu kilomita na sikumbuki nilichokiona njiani. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa natafuta kwa mpangilio, kama ninavyofanyaga nikipata habari mbaya: nani aliwaambia, lini, kwa njia gani. Kabla sijafika nilikuwa nimeshajijibu.

Uani kwake palifagiliwa. Mabenchi manne yalikuwa yamepangwa mraba, na katikati meza yenye kitambaa cheupe, msalaba, na mshumaa unaowaka mchana kweupe. Pembeni chupa mbili kubwa za chai, na sufuria ya viazi vitamu imefunikwa kwa jani la mgomba. Ilikuwa zamu yake ya kupokea jumuiya, yaani Wakatoliki wa nyumba za jirani wanaosali pamoja kila wiki, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule.

Alikuwa amekaa peke yake. Aliposikia hatua aliinuka haraka, akanyoosha kitenge, akasema, "Karibuni, karibuni." Kisha akaona ni mimi, na akaona hakuna mtu nyuma yangu.

Hakunifukuza. Ningependa angefanya hivyo. Alinionyesha benchi.

Akanieleza kwa mpangilio kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mtoto wa mtu fulani anayeishi Mwanza aliona picha, akaituma kwenye kundi la ukoo. Kutoka hapo ikaingia kwenye kundi la parokia. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mwenzake aliyebatizwa naye siku moja, alikuja na simu akamuuliza huyu ni nani. Akajiona. Alisema kilichomuumiza ni kwamba kwenye ile picha anacheka. Walisema anacheka kwa sababu kashalipwa. Na kwa sababu alikuwa ameshawaambia mnyama kachimba kaondoka, hakuna aliyemwamini tena kwa neno lolote.

Wiki iliyopita walikuja watu wanne tu, sala ikaahirishwa hadi leo. Leo hajaja mtu. Lakini jumuiya, alisema, angeivumilia. Kilichokuwa kinamnyima usingizi ni jembe. Pale kwao wanawake wasio na ng'ombe wa kulimia wanalima kwa kikundi, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kikundi kilikuwa kimeshapanga zamu za msimu, na jina lake halikuwemo. Mtu wa umri wake, peke yake, na ardhi ile kavu, asingeweza kugeuza hata robo ya shamba kabla ya mvua. Na asipopanda msimu huu, mwakani anakula nini.

"Niliwaambia hamjaniona," akasema.

Nikamwambia nitaifuta ile habari. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyevunja chungu kisha anauliza gundi iko wapi.

Kisha akasema chakula kinapoa, na kwamba Bwana alisema wawili au watatu wanatosha. Akanipa kitabu nisome somo la siku. Nilisoma. Sauti yangu ilikuwa ileile ya redioni, iliyonyooka, isiyo na doa, na niliichukia. Tukala viazi. Vingine akavifunga kwenye mfuko wa nailoni nikavichukua.

Jambo alilonitaka nifanye lilikuwa moja. Niende kwa mzee, niseme kwa kinywa changu kwamba hakuuza.

Mzee tulimkuta zizini amebeba pampu mgongoni, anapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Alikuwa amevaa rozari shingoni na gambuti miguuni. Hakuacha kazi. Mama alisimama mbali, nje ya zizi, na nikaona kwamba hata salamu yake ilijibiwa kwa kichwa tu. Nikaeleza. Nikasema hakupewa chochote, mimi nilikuwepo, mimi ndiye niliyeandika, kosa ni langu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga koki ya pampu.

"Nyie wa Bunda mnaandika sana," akasema. "Mmeandika mpaka mvua imepotea njia."

Wanaume wawili waliokuwa wameshika ng'ombe wakacheka. Mimi sikujua kama naruhusiwa kucheka.

"Yuko hai?"

Nikasema yuko hai.

"Anakula?"

"Anakula, mzee. Ameongezeka uzito."

Akafikiri. Akasema yeye hana ugomvi na huyu mama. Watu ndio wana ugomvi, kwa sababu mnyama alikuja na neno na neno halikusikika. Mtu anayeficha barua ya kijiji hata kama hakuiuza bado ameificha.

"Mleteni. Aseme. Akishasema, mchukueni mkamfugie huko mnakotaka."

Nilirudi Bunda nikiwa nimeahidi jambo ambalo halikuwa langu kuahidi. Daktari alikasirika, na alikuwa na haki. Kakakuona akitishwa anaweza kuacha kula siku nyingi na kufa. Alisema hatumpeleki mnyama anayelindwa na sheria akachezewe bahati nasibu. Nikamweleza mabenchi. Nikamweleza orodha ya zamu za jembe. Akaenda kumpa nyani maji, akarudi. Akasema bibi yake kule Mugango hakuwahi kula kitu kilichovuliwa siku ya msiba, na kwamba wasomi wa familia walimcheka mpaka alipokufa, na hakuna aliyepata faida kwa kumcheka.

Akaongea na afisa wanyamapori, na mwisho wakakubaliana. Ingekuwa matembezi yake ya kawaida ya jioni, ila yafanyike kule. Nikaandika masharti kwa mkono, kwa herufi kubwa: watu wasiozidi ishirini, umbali wa hatua arobaini, hakuna ngoma, hakuna kupiga picha, hakuna kumgusa, nusu saa basi. Mzee aliyakubali yote kwa simu.

Tulipofika Jumamosi iliyofuata saa kumi jioni, watu walikuwa zaidi ya mia. Walikuwa wamesimama duara kubwa kwenye uwanja wazi chini ya kilima, na kusema kweli walikuwa kimya. Wengine walikuwa na nguo za kanisani. Katikati vitu vilikuwa vimeshawekwa: kibuyu cha maji, ungo wa mtama, jembe, panga. Kijana mmoja alikuwa ameongeza jezi ya mpira, ili ijulikane timu yake itachukua kombe au la, na mzee alikuwa akiiondoa kwa ncha ya fimbo tulipokuwa tunafungua mlango wa gari. Afisa wanyamapori akahesabu watu, akaacha kuhesabu.

Mama alikuwa ndani ya duara, peke yake, nafasi ya mtu mmoja kushoto na nafasi ya mtu mmoja kulia. Hakuna aliyetaka kusimama karibu naye.

Daktari aliweka sanduku chini, akafungua, akarudi nyuma. Kakakuona alitoa pua. Akatoa kichwa. Alitembea hatua nne, tano, kwa ule mwendo wake wa mzee mwenye baridi, na nikasikia pumzi za watu mia zikiingia kwa pamoja. Kisha mtoto mchanga akalia mahali fulani, na mnyama akajikunja.

Akawa mpira wa magamba katikati ya uwanja. Jembe upande mmoja, maji upande mwingine, naye katikati kabisa, hajaelekea popote.

Tulingoja. Nilikuwa naangalia saa: dakika kumi, ishirini, nusu saa ikapita. Mtoto alinyamazishwa kwa ziwa. Hakuna aliyeondoka. Jua lilishuka mpaka vivuli vya watu vikafika kwenye ungo wa mtama. Daktari aliniangalia na nikajua anachosema: nimekwambia. Sababu niliijua kama ninavyojua jina langu. Mnyama alikuwa ameogopa. Miguu mia mbili inatetemesha ardhi, na yeye anasikia ardhi kuliko sisi tunavyosikia mlango ukigongwa. Ningeweza kuwaeleza kwa sentensi tatu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Amekataa kusema," mzee akatangulia.

Sauti ikapita kwenye duara, ya chini, kama upepo kwenye mtama. Nilimwona mwenyekiti wa jumuiya akimwangalia mama, na nikaona macho mengine yakifuata, na nikajua kwamba tumefanya jambo baya zaidi kuliko la kwanza. Tulikuwa tumemleta shahidi na shahidi amenyamaza.

Mzee alimgeukia mama. Akamuuliza mbele ya wote, polepole, siku ile alipomkuta shambani, mnyama alikuwa hivi?

Mama hakuharakisha.

"Hapana," akasema. "Alikuwa anatembea. Alinyoosha mkia, akatembea mbele yangu mpaka kwenye jembe, akasimama. Mimi nilimwona vizuri."

Fomu ilikuwa kwenye begi langu, begani, kwa mwandiko wangu: amekutwa amejikunja chini ya shina la muhogo, amedhaniwa ni jiwe. Yeye ndiye aliyenieleza, neno kwa neno, barabarani. Hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia mzee, mikono ameikunja kifuani, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko uso wangu.

Mzee akageuka. Alinitafuta kwenye watu, akanipata.

"Kwetu alikuwa anatembea. Akaenda kwenu. Karudi hivi. Mmemfanya nini?"

Watu mia wakaniangalia. Katika maisha yangu ya kazi nimesahihisha habari ngapi. Nimewahi kumpigia simu mkuu wa idara fulani saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ya cheo kilichoandikwa vibaya. Neno lilikuwa tayari ulimini, na halikuwa neno gumu: hapana, mzee, hata siku ile alikuwa amejikunja. Nikamwona mama pembeni ya jicho langu. Hakunisihi. Alikuwa anangoja tu, kama alivyokuwa anangoja kwenye yale mabenchi.

"Alikaa kwetu, mzee," nikasema. "Tulimfungia kwenye sanduku. Tulimfundisha kutembea na mtu mmoja tu."

Kila neno lilikuwa kweli. Ndivyo nilivyojiambia baadaye.

"Basi nyie ndio mmemfunga mdomo."

"Ndiyo, mzee."

Nilisikia daktari akivuta pumzi nyuma yangu. Mwanamke mmoja akatema mate chini. Mwingine akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hawa watu wa kuhifadhi wanahifadhi mpaka uganga wa watu, na kicheko kikapita, kikali, cha kuniumiza, na nikakipokea. Kijana wa jezi aliuliza kama sasa anaweza kurudishiwa jezi yake, maana na yenyewe haina matumaini. Mzee hakucheka. Alitwambia tumchukue mnyama, na kwamba tukimponya tusimrudishe kwao, kwa sababu aliyevunjwa hasemi kweli.

Daktari alimbeba mpira ule kwa mikono miwili, akauweka kwenye sanduku. Nilipoinama kusaidia kufunga niliona duara limevunjika. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa ameshafika pale alipokuwa mama. Sikusikia alichosema mwanzoni. Kisha akaliokota lile jembe la katikati, akalipima mkononi, akamkabidhi mama.

"Jumatatu tunaanzia kwako," akasema. "Uandae uji."

Tulifika lami. Daktari ndiye aliyeanza kuzungumza. Aliniuliza, wewe mtu wa kueleza kila kitu, leo maneno yalikuishia? Unajua watu watasema nini kuhusu kituo kuanzia leo? Siku nyingine mtu akikuta kakakuona upande ule, atatuita sisi? Au atawaachia wamkalishe siku tatu?

Swali hilo lilikuwa sahihi, na sijapata jibu lake hadi leo. Nilimwambia sijui. Akasema hata yeye hajui, na akaendesha.

Kakakuona hakula siku mbili. Siku ya tatu alitoka sandukuni, akapasua kichuguu kidogo nyuma ya banda la kobe, na nilikaa chini nikalia kwa namna ambayo daktari aliona aibu, akaondoka. Baada ya wiki tatu afisa wanyamapori alimchukua kwenda kumwachia ndani ya hifadhi, mbali na mashamba. Ile habari nilikuwa nimeshaifuta, lakini picha bado inazunguka. Mara kwa mara nakutana nayo kwenye simu ya mtu, na maelezo mapya ambayo si yangu.

Mwezi mmoja baadaye nilimpigia mama. Safari hii alipokea. Alikuwa shambani, nilisikia wanawake wengine wakiongea karibu naye, na jembe likigonga mawe. Alisogea mbali nao kabla hajazungumza. Nikamuuliza hali, akasema nzuri. Jumuiya ilishasali kwake, walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye mkeka. Nikamwambia ningependa kuja kumsalimia siku moja, nimletee hata sukari.

"Usije, mwanangu," akasema. Alisema kwa upole. "Wakikuona watakumbuka, wataanza kuuliza upya. Kaa hukohuko."

Nikasema sawa. Nikamuuliza kama mvua imeshanyesha.

"Bado. Ila sasa hawaniulizi mimi," akasema. "Wanawauliza nyie."

Kisha akaniaga, maana kikundi kilikuwa kinaanza mstari mpya.